Bao la Ukunguni

Kila mwaka, ligi inapofika ukingoni, fundi wa makochi hufunga kazi Jumapili moja mchana, akafagia mabaki ya sponji na misumari iliyopinda, kisha akapanga viti. Si kupanga kwa bora liende. Meza ndefu ya kukatia vitambaa hubaki katikati: huo ndio uwanja. Dirishani ni jukwaa la wenye tiketi za bei. Ukutani, penye marobota ya vitambaa, ni upande wa jua. Mlangoni ni goli la kusini, na kule ndani kabisa, penye cherehani, ni goli la kaskazini, aliposimama yeye mwenyewe siku ya mechi moja ya zamani, akiwa binti anayejifunza kazi, nywele zimejaa nyuzi za magunia. Kila mgeni hukaa upande aliokuwa siku ya mechi. Anayethubutu kuhamia kiti kisicho chake kwa sababu tu kina sponji nene, siku hiyo husutwa mpaka ajute.

Mechi yenyewe, ukiwauliza watu wengine mjini, hawaikumbuki. Na wataikumbukaje? Timu ya kiwanda cha nguo ilishuka daraja mwaka huo na haikupanda tena. Kiwanda kikafungwa, uwanja ukageuzwa maghala ya saruji. Msimu mzima ulikuwa aibu tupu. Timu ilipigwa nyumbani, ikapigwa ugenini, ikapigwa hata mechi ya kirafiki na wafanyakazi wa hospitali, ambao nusu yao walikuwa wametoka zamu na wanapiga miayo. Mashabiki walikuwa wakienda uwanjani kama watu wanaokwenda kumwona mgonjwa.

Siku ya mwisho ilibaki njia moja ya kupona: washinde, na timu iliyokuwa juu yao kidogo ifungwe huko ilikokuwa. Uwanja ulikuwa bondeni, nyuma ya bwawa la kiwanda, na kipindi cha pili kilipoanza ukungu ukashuka. Haukushuka kwa mzaha. Ulimeza paa la jukwaa, ukameza vibendera vya kona, ukawameza wachezaji mmoja mmoja mpaka zikabaki sauti tu: buti, filimbi, mtu akiomba pasi. Mwamuzi alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Akasema maadamu anauona mpira miguuni pake, mechi inaendelea.

Ndiyo maana hakuna aliyeiona mechi ile nzima. Kila mtu alikiona kipande kilichopita mbele ya pua yake, basi. Na hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ya karakana: unasimulia ulichokiona kwa macho yako. Cha mwenzako hukigusi, hukiongezi chumvi, hukibishii. Vipande vikipangwa vizuri, mechi inarudi.

Mwaka huu fundi alikuwa na furaha isiyo na kifani. Viti vya mlangoni, vya goli la kusini, vilikuwa vimekaa vitupu miaka mingi. Waliotazama mechi kutoka kule wengine walihama, wengine walikwisha kuzikwa, na hadithi ilikuwa inaanzia katikati kama kitabu kilichochanwa kurasa. Sasa amempata Tarumbeta. Alimtafuta mwenyewe, akauliza huku na kule, jirani kwa jirani, mpaka akaipata namba ya simu ya yule mtu aliyekuwa akipuliza tarumbeta nyuma ya goli la kusini, na ambaye aliuhama mji mara tu timu iliposhuka. "Njoo, kaka yangu," alimwambia. "Bila wewe hatuna kipa."

Na Tarumbeta akaja, mzee mwenye kofia na meno ya bandia. Meno hayo ndiyo yaliyomwachisha kupuliza, alisema, maana siku ya kwanza alipojaribu yaliruka yakamfikia bwana harusi. Akakumbatiana na Kinyozi, mwenye kiti cha dirishani. Akapeana mikono na nesi mstaafu, dada mkubwa wa fundi, aliyekaa upande wa jua. Kisha akampiga begani mume wa fundi, ambaye kwa kuwa amesoma mita za maji maisha yake yote ya kazi, mji mzima unamwita Mita.

"Mdogo wangu! Kumbe upo!"

"Nipo, kaka," alisema Mita. Akacheka kidogo, akarudi kukaa penye cherehani, pembeni ya mke wake, kikombe cha chai mikononi. Tarumbeta alimtazama akikaa pale, akakunja uso, halafu akaachana na jambo hilo.

Jua la alasiri lilikuwa linapita dirishani, na vumbi la sponji, ambalo halitoki hata ufagie vipi, lilikuwa limesimama hewani, jeupe. Fundi aliifunga redio ya jirani kwa kumpigia jirani ukuta. Wote wakaitazama meza tupu.

"Anza, kaka," alisema.

Tarumbeta akaanza. Namna alivyokuwa akimwona kipa mgongo tu, jezi ya njano imelowa. Namna mshambuliaji wa wapinzani alivyochomoka ukunguni peke yake, hana hata beki wa kumpungia mkono, na kipa wetu akabaki ameganda, na shuti likampiga kifuani. "Hakudaka, jamani, msimsifu bure. Alipigwa. Mpira ukamdondokea miguuni, akashtuka, akaubutua juu kwa hasira. Ukaenda zake. Mimi sikuuona tena."

"Nikauona mimi," alidakia Kinyozi kutoka dirishani, na sauti yake ilikuwa tayari iko mbali. "Ulipita juu ya mstari wa kati. Ulitokea kwenye weupe, ukapita, ukaingia kwenye weupe. Chini yake hakuna mtu anayekimbia. Niliona mpira peke yake, unajipeleka."

"Ukaangukia kwa winga wangu," alisema nesi. Nesi hakuwahi kuupenda mpira, alimpenda winga, na halifichi hilo hata mbele ya wajukuu. "Akautuliza. Kile kifundo cha mguu, eeh! Akamzunguka beki wao, beki akautoa nje. Kona. Winga akaenda kuipiga, akapita karibu yangu hivi, akaniambia, 'Dada, bendera iko wapi?' Hilo ndilo neno pekee aliloniambia maishani."

Walicheka kwa upole, kama wanavyocheka kila mwaka. Meza haikuwa meza tena. Fundi alikuwa amefumba macho. Alisikia harufu ya nyasi zilizolowa na ya moshi wa kiwanda uliochanganyika na ukungu, akajua zamu yake imefika.

"Mpira ulitoka juu," alisema. "Mimi niko nyuma ya wavu, nimeshika waya. Kipa wao amesimama kwenye mlingoti usio wake, anawafokea mabeki asiowaona. Gunia, yule beki wetu mnene, amegeukia pembeni, anajifunga bukta. Wallahi anajifunga bukta! Mpira ukashuka, ukampiga gotini. Yeye hajui. Ukadunda, ukadunda tena, ukaingia polepole kama mgeni anayepiga hodi. Gunia akauliza, 'Nini?' Nikapiga kelele mimi kabla ya mwamuzi."

"Halafu?" aliuliza Kinyozi, ingawa anajua.

"Halafu nikashikwa! Mikono kutoka nyuma, ikaninyanyua, miguu inaning'inia. Mtu ananizungusha, anapiga kelele sikioni: 'Tumepona! Tumepona!' Akaniweka chini, ukungu ukamficha. Nikakaa kidogo nikitafuta kiatu changu. Nilipoinua kichwa, huyo hapo kasimama mbele yangu, anahema, ananiuliza nani kafunga. Ameninyanyua mwenyewe, mbavu kanivunja, halafu ananiuliza nani kafunga! Na mwenye mikono yenyewe ni huyu anayejifanya anakunywa chai."

Kila mwaka hapo ndipo wanapoangua kicheko, na Mita huinamia kikombe. Wakaangua. Mita akainamia kikombe.

Tarumbeta hakucheka. Alivua kofia, akajikuna.

"Ngojeni kwanza. Mnasimulia cha macho tu, siyo? Basi kipande changu hakijaisha. Kelele zilipolipuka huko kwenu, kushoto kwangu kulikuwa na kijana anapiga debe. Akaacha kupiga. Akaniuliza, 'Limeingia? Nani kafunga?' Nikamwambia, mdogo wangu, kwani mimi naona zaidi yako? Akaweka debe chini, akasema, 'Naenda kumtafuta mtu aliyeliona.' Akaingia ukunguni, nikampoteza. Mpaka leo." Akamwonyesha Mita kwa kofia, anatabasamu, akidhani ameleta zawadi. "Nami nashangaa tangu nilipoingia: huyu wa kusini anafanya nini kwenye goli la kaskazini?"

Nesi alimtazama mdogo wake, akatazama chini. Kinyozi, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alitazama dirishani.

Mikono ile haikuwa hadithi ya kuchekesha wageni tu. Fundi alikuwa ameishi nayo. Mwaka Mita alipopelekwa kazini mbali na barua zikawa hazifiki, alijiambia: mtu aliyeninyanyua vile siku ile hawezi kuniacha. Walipomzika mtoto wao wa kwanza, na Mita akakaa kimya wiki baada ya wiki, hasemi, halii, fundi aliikumbuka ile mikono ikimzungusha, akasema, yumo humo ndani, atatoka. Walipogombana, na waligombana kweli kweli, ni hiyo iliyomrudisha chumbani. Sasa anaambiwa mikono ilikuwa ya mpita njia. Kama ni hivyo, alikuwa amesimama juu ya nini muda wote huo?

"Ni kweli?" aliuliza.

Mita aliweka kikombe juu ya cherehani. "Ni kweli, mama."

"Yaani miaka yote unakaa hapo, unakunywa chai yangu, nakusifia mikono ya mwanamume mwingine?"

"Sikuwahi kusema ni yangu."

"Hukuwahi kusema si yako!"

"Shemeji," alijaribu Kinyozi, "kwa kuwa mwenyewe hajulikani, mimi siku ile nilikuwa na nguvu sana…"

"Wewe nyamaza, ulikuwa jukwaa la wenye tiketi!"

Nje, mtu alikuwa akipigapiga bati, polepole. Fundi alisimama, akashika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa bila sababu yoyote, akauweka tena chini. Alitaka kulia na hakutaka kulia mbele yao.

"Ulikuwa na nafasi," alimwambia Mita. "Tulitoka pale uwanjani pamoja. Tulitembea mpaka kwetu. Nilikwambia umenivunja mbavu. Ungesema."

"Nilifungua mdomo," alisema Mita. "Ukawa umeshafika kwenye goti la Gunia. Wewe ukianza kusimulia huna breki. Nikasema nitakwambia tukifika langoni. Tulipofika langoni, ukageuka, ukasema, 'Sijawahi kuwa na furaha kama ile uliponinyanyua.'" Akakisogeza kikombe. "Sasa hapo ningesema nini? Niseme rudisha furaha yako, si mimi?"

"Ndiyo. Ungesema."

"Ningesema," alikubali Mita. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Ni nesi aliyekohoa mwishowe, kikohozi cha wodini, cha kuwaambia watu wa kutazama mgonjwa kwamba muda umekwisha. "Mdogo wangu, hasira unayo haki nayo, sikuzuii. Ila mimi nina swali dogo. Shemeji amewahi kutoa kipande chake humu?"

Fundi alipekua kumbukumbu zake, mwaka kwa mwaka. Kinyozi na mstari wake wa kati. Nesi na winga wake. Marehemu fulani na marehemu fulani, kila mmoja na kipande chake, wakikidai hata wakiwa na homa. Na Mita? Kila zamu ilipomfikia alisema, "Mimi nilikuwa na mke wangu, ameshasema yote." Wakacheka, wakaendelea. Mtu mzima, shabiki wa kulala na jezi, ambaye timu ilipotangazwa kushuka daraja, maana wale wa juu yao hawakufungwa, alikataa chakula, amekuja humu kila mwaka bila kipande. Amekaa kwenye kiti kisicho chake, kwenye goli lisilo lake. Kama angesimulia alichokiona yeye, kipande cha mke wake kingevunjika. Basi akakinyamazia, kila mwaka upya, huku wenzake wakitembea ndani ya mechi yao na yeye amebaki nje ya lango.

Hasira haikuondoka. Ila kitu kingine kilikuja kikakaa pembeni yake, na fundi hakujua akiite nini.

"Beba kiti chako," alimwambia.

"Mama…"

"Nimesema beba kiti."

Mita alisimama. Alikibeba kile kiti, akazunguka meza kichwa kimeinama, na kila mmoja alidhani anafukuzwa. Nesi alianza kunyanyuka. Mita alipofika mlangoni, fundi akasema:

"Hapo hapo. Weka. Kwa Tarumbeta, kushoto kwake. Ndipo ulipokuwa, siyo? Kaa." Kisha akawageukia wengine. "Turudie. Tuanzie kwa kipa."

Hawakuwahi kuisimulia mechi mara mbili kwa siku moja. Lakini hakuna aliyebisha. Tarumbeta alimrudisha kipa wake, jezi ya njano, shuti la kifuani. Kinyozi aliuona mpira ukipita peke yake. Nesi aliulizwa bendera iko wapi. Jua lilikuwa limeshuka kidogo na lile vumbi jeupe lilikuwa limejaa chumba, au fundi ndiye aliyekuwa na machozi machoni, hata uso wa Kinyozi pale dirishani haukuonekana vizuri. Zamu ikamfikia. Fundi hakusimulia. Alipiga kelele tu, moja, kali, ya msichana, kelele ile ile, na mashine nzima ya cherehani ikavuma.

Kule mlangoni, Mita aliinua kichwa.

"Limeingia?" alimuuliza Tarumbeta. "Nani kafunga?"

"Mdogo wangu, kwani mimi naona zaidi yako?"

Mita akasimama. "Naweka debe chini," alisema polepole, si kwa mtu yeyote. "Nafuata mstari wa pembeni, maana ndiyo kitu pekee ninachokiona. Chokaa na kiatu changu. Chokaa na kiatu changu." Akaanza kutembea akiigusa meza kwa vidole. Alitembea kama mtu asiyejua mbele kuna nini. Akafika kwenye marobota ya vitambaa. "Dada, limeingia?"

"Tumesikia tu," alisema nesi. "Hatukuona."

"Nikazunguka, nikapita mpaka upande wa pili. Nikawapita watu wanaokumbatiana. Sikukumbatiwa na mtu." Akafika dirishani. "Kaka, umeliona?"

"Tumesikia," alisema Kinyozi. "Hatukuona."

"Wote wamesikia. Nikasema, basi, hakuna aliyeliona, litapotea hili. Nirudi. Nikageuka kurudi. Halafu nikamsikia mtu mmoja tu ambaye hasemi limeingia, hasemi tumepona. Anasema goti. Peke yake pale ukunguni, anaongea na ukungu, anasema, 'Goti! Kwa goti!'" Mita alikuwa anaikaribia cherehani sasa, na alikuwa anahema kweli, mzee yule, kwa safari ya kuizunguka meza. "Sijui nani alimnyanyua. Sikumwona. Nilimwona yeye."

Akasimama mbele ya mke wake. Mikono yake ilining'inia ubavuni, hakuinua hata mmoja.

"Dada," alisema, kama mtu anavyomwambia mtu asiyemjua. "Samahani. Wewe umeliona?"

Fundi alimtazama. Nywele nyeupe, shati alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi, macho yamemtoka. Kila mwaka amelisikia bao hili, na bado alikuwa amesogeza sikio mbele kidogo, anasubiri.

"Nimeliona," alisema fundi.

"Usinidanganye, dada yangu. Nimezunguka uwanja mzima."

"Sikudanganyi," alisema, na akaanza kumwambia.